Ekzosi Zilizolegea, Kutoka Bungoma Hadi Kasubi

Sababu ya kwenda Kampala ilikuwa moja tu: mdogo wangu Wekesa alitaka kuoa, na baba wa msichana alikuwa amekataa kumpa binti yake "mtu aliyeota mjini kama uyoga." Wekesa ameishi Kampala miaka mingi akisambaza mafuta ya kupikia madukani. Alipoalikwa mara ya kwanza kwenye kwanjula, ile sherehe ya Waganda ambapo bwana harusi hutambulishwa nyumbani kwa msichana, alichukua marafiki zake wa kazini wakasimama kama ukoo. Baba wa msichana, mzee wa mtaa wa Kasubi, akawauliza jina la bibi mzaa baba wa kijana huyo. Wakatazamana. Shughuli ikavunjika palepale na chakula kikabaki. Sasa Wekesa alikuwa amepewa siku nyingine, na akaambiwa waziwazi kwamba nyingine tena haitakuwapo.

Baba yetu alikwishafariki, na magoti ya mama hayaruhusu safari. Nikabaki mimi, Simiyu, kaka mkubwa, fundi cherehani wa Bungoma. Nisipofika, Wekesa hapati mke, na Justine alikuwa msichana ambaye mdogo wangu alimtaja katika kila simu, hata simu ya kuuliza bei ya mahindi.

Ningeweza kupanda basi. Kila mtu alinishauri nipande basi. Lakini kipenda roho hula nyama mbichi, na roho yangu imependa pikipiki moja ya silinda mbili niliyoinunua kwa mpima ardhi aliyestaafu. Ekzosi zake, yaani yale mabomba ya moshi, hazikutoka kiwandani. Alizikunja na kuzichomelea jirani yangu Barasa, moja kila upande, zikapanda juu nyuma kama pembe za fahali. Nikipita sokoni, wauza nyanya hugeuka. Sikuona sababu ya kuwanyima watu wa Uganda heshima hiyo.

Alhamisi asubuhi, Bungoma. Nilifunga kanzu mbili nilizozishona mwenyewe, yangu na ya Wekesa, nikazitia kwenye mfuko wa nailoni ili vumbi lisiziguse. Mama alisimama mlangoni akiegemea fimbo. "Usiniletee majibu ya nusu," akasema. "Wakimkubali useme, wakimkataa useme." Nikamwambia watamkubali. Hakuonekana kuniamini, naye ana haki, maana mimi ndiye niliyewahi kumwambia kwamba paa halivuji.

Malaba. Malori yalikuwa yamepanga mstari ambao mwisho wake sikuuona, na mimi nikapita pembeni kama mfalme. Nilipozima injini mbele ya ofisi za mpakani nikagundua kwamba muungurumo ulikuwa umebadilika dakika chache zilizopita. Ndani yake kulikuwa na kitu kinachogonga, tak tak tak. Niliinama nikashika ekzosi ya kushoto kwa kitambaa, ikacheza kama jino la mtoto. Nati zimelegea. Nikatoa spana nikakaza ya nyuma kwanza, kwa kuwa ndiyo rahisi kufikiwa na haichomi sana, kisha nikahamia za mbele pale bomba linapoingia kwenye injini. Nilikaza mpaka mkono ukauma. Askari wa mpakani alinitazama, akatabasamu, akanigongea pasipoti.

Tororo, chini ya ule mwamba mkubwa, tak tak tak ikarudi. Nikasimama nikakaza zaidi, nyuma kwanza, kisha mbele. Bugiri, hivyo hivyo. Iganga nilisimama mbele ya duka la simenti, na mwenye duka akatoka kunitazama.

"Ssebo, hii kitu yako ina hasira," akasema.

"Ni nati tu, ndugu yangu. Zinataka kukazwa."

"Basi kaza."

Nikakaza. Nilikuwa na hasira pia, maana mtu hapendi kuaibika kwa kile anachojivunia. Jua lilipokuwa linashuka nilifika Jinja, nikalala kwenye nyumba ya wageni karibu na soko, nikala samaki na matoke, na nikajiambia kwamba kesho chuma kitakuwa kimetulia.

Ijumaa, msitu wa Mabira. Nilivuka daraja la Nile asubuhi pikipiki ikiwa kimya kwa kiasi chake, nikaanza kuimba. Katikati ya msitu, miti mikubwa pande zote na nyani wamekaa kando ya lami wakingoja ndizi za wasafiri, nikasikia mlio mkali kama wa bunduki. Moto wa buluu ukatoka ubavuni mwa injini. Bolti moja ya mbele, upande wa kushoto, ilikuwa imekatika, na kipande chake kimebaki ndani ya injini. Ekzosi ya Barasa ilining'inia kwa bolti moja ikilia. Nilikaa kando ya barabara nikamfikiria Wekesa, na kwa mara ya kwanza nikaogopa kabisa. Kesho yake ilikuwa ndiyo siku yenyewe.

Namawojjolo, mbele kidogo ya msitu, ni mahali pa kuku wa kuchoma. Nilifika kwa mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Wauzaji walinizunguka na mishikaki yao, lakini walipoona ile ekzosi wakaisahau biashara. Mama mmoja alichomoa waya kwenye jiko lake, akanisaidia kulifunga bomba kwenye fremu. Mluhya kupita kwenye kuku bila kula ni jambo zito, na sitaki watu wa kwetu wajue kwamba siku ile nilipita.

Kamwokya, alasiri. Wekesa amepanga vyumba viwili huko, mahali ambapo muziki wa duka moja unagombana na muziki wa duka la pili, na katikati watu wanauziana viatu, dawa za panya na viazi vya kukaanga. Aliniona, akanikumbatia, kisha akaona waya. Akanipeleka kwa Candia.

Candia ni mwanamke mpana mwenye sauti ya gwaride, mtu wa Arua, mke wa polisi. Gereji yake ni turubai lililofungwa kati ya kibanda cha kinyozi na ukuta wa kanisa. Baba yake alikuwa dereva wa jeshi, naye alikulia kambini chini ya malori, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kinachokwenda moja kwa moja bila kupiga kona. Alizunguka pikipiki yangu mara moja.

"Nani alifunga hii?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Ulianza wapi?"

"Nyuma."

Akapiga makofi. "Banange! Mkenya naanza nyuma! Sasa sikia. Hii paipu yako ni fupi kidogo. Wewe nakaza nyuma, inavuta. Mbele inakataa kukaa. Wewe nakaza mbele, yeye nakataa. Nakaza tena, nakataa tena. Mpaka bolti nasema, mimi nimechoka, acha nife."

"Sasa tufanye nini?"

"Fungua yote."

"Yote? Lakini iliyokatika ni moja tu, hii ya kushoto."

"Ndugu, mimi hapana daktari ya jino moja. Fungua yote. Kushoto, kulia, mbele, nyuma."

Nilishuku. Safari nzima nilikuwa nimekaza, na sasa dawa ni kulegeza? Lakini nilifungua. Nati ya mwisho ya nyuma ilipotoka, ekzosi iliruka yenyewe kutoka kwenye fremu, upana wa kidole kizima. Candia akaionyesha kwa spana. "Umeona? Toka Bungoma ilikuwa nalia, wewe nasema inaimba."

Kile kipande cha bolti kilichobaki ndani alikichomelea nati juu yake, akakizungusha polepole, mbele nyuma, mbele nyuma, mpaka kikatoka. Alikitupa nyuma ya bega bila kukitazama. Akaweka bolti mpya na gasketi mpya, kisha akaniamuru nishike bomba wakati yeye akizitia nati zote kwa vidole tu, bila spana. Zote. Mbele, katikati, nyuma. Halafu akalitikisa bomba kidogo, akaliacha lining'inie, akalitazama limekaaje.

Hapo ndipo nilipoelewa, nikajisikia mjinga na furaha kwa pamoja. Mimi ni fundi cherehani. Sijawahi katika maisha yangu kulitia koti kwenye mashine bila kulipiga bandi kwanza. Unashikiza kwa nyuzi ndefu zilizolegea, bega na mkono, kola na kifua, unamvalisha mtu, unaona kitambaa kinataka kwenda wapi, ndipo unashona. Ukishona upande mmoja moja kwa moja, koti zima litavutwa mpaka lipasuke kwapani. Hayo ningemfundisha mtu yeyote nikiwa usingizini. Nilimweleza Candia, naye akanisikiliza kwa makini.

"Kumbe sisi ni kazi moja," akasema. "Basi utanishonea sare ya bwana yangu. Yeye amekuwa tumbo mingi."

Alianza kukaza mbele, nati hii kidogo, nati ile kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Mbele ilipokaa sawa, tundu la nyuma halikukutana na tundu la fremu. Mkono wangu ukaenda wenyewe kutaka kulivuta bomba. Akaupiga kofi. Badala ya kuvuta, alilipanua tundu la kishikio kwa tupa mpaka likawa refu, akakata kipande cha mpira kutoka tyubu ya lori, akakiweka katikati, na bolti ikaingia bila kulazimishwa. Kisha akaiwasha pikipiki, akaiacha ingurume mpaka mabomba yakawa ya moto, akaizima.

"Sasa nakwenda," nikasema.

"Unakwenda wapi? Chuma ya moto imevimba. Lazima ilale, iwe baridi. Asubuhi tunakaza mara ya mwisho. Mimi hapana peana kazi nusu."

Wekesa alikuwa amesimama pembeni muda wote, na hapo akashindwa kuvumilia. "Kaka, kesho wakifunga geti saa tano, mimi nimekwisha. Nimekuita uje useme jina la bibi, si uje ulale gereji." Ni mtu mzima mwenye ndevu, lakini nilimwona kama alivyokuwa siku ile tunamzika baba, kofia imemzidi kichwa, anashika shati langu. Nikamwambia, "Nitafika."

Jioni Candia alituletea chai. Alisimulia kwamba mume wake ni Mwislamu, yeye ni wa kanisa, na watoto wamejigawa wenyewe kama timu za mpira. "Kwetu sikukuu hapana isha," akasema. Nikamwuliza huko kwenye kwanjula kunakwendaje. Akatikisa kichwa. "Hii vitu ya Waganda? Mimi nakwenda kula tu."

Jumamosi asubuhi nilikuwa gerejini nimekwisha vaa kanzu. Candia alipita kila nati, na kila nati ilikubali mzunguko mdogo tu, robo, nusu ya robo. Mimi niliachiwa ya mwisho, na nilipoinuka, kanzu ilikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba kifuani. Wekesa na msafara wake wa magari walikuwa wamekwisha ondoka. "Haya, nenda kuoa," Candia akasema. Nikamwambia anayeoa ni mdogo wangu. "Basi nenda kula."

Wandegeya niliyakuta magari yao. Yalikuwa yamesimama kabisa, yamezibwa na misafara mingine ya harusi, kila mmoja umefunga maua na kila mmoja unapiga honi. Msemaji wetu, Mwalimu Kizito, Muganda mwenye maneno ya asali aliyepewa kazi ya kutuongelea, alikuwa amesimama barabarani akitazama saa. Katika kwanjula, wageni wa bwana harusi hawasemi chochote. Msemaji ndiye mdomo wao. Mdomo usipokuwapo getini, hakuna aliyefika.

Wekesa alishusha kioo. Alinitazama mimi, akatazama zile ekzosi. "Zitashika?" akauliza.

"Zitashika."

Mwalimu Kizito akapanda upande mmoja, kwa sababu ya kanzu, akanishika kiuno kama bibi harusi. Tulipenya kati ya magari, tukapanda na kushuka vilima kuelekea Nakulabye na Kasubi. Nilikuwa naendesha kwa masikio. Kila shimo nililolipita nilingoja ile tak tak tak, nikiomba Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Sikusikia kitu. Ekzosi ziliunguruma kwa sauti nzito, ya chini, iliyotulia, sauti ambayo kumbe zilikuwa nayo siku zote na mimi sikuwahi kuipa nafasi. Karibu na makaburi ya wafalme Mwalimu alinigonga bega nizime injini, maana mahali pale hapapigwi kelele, tukaisukuma pikipiki watu wawili ndani ya kanzu mpaka kwenye geti la mzee. Wenyeji walikuwa wameshika kufuli, tayari kufunga. Mwalimu Kizito akaanza maneno yake, akawashika pale kwa utani na methali, wao wakijibu, mpaka wenzetu wakafika mmoja mmoja juu ya bodaboda, wamepakata zawadi, wakihema.

Ndani ya ua, mahema mawili yalitazamana. Baba wa Justine, mzee mwembamba mwenye miwani, aliuliza kupitia msemaji wake swali lile lile: bibi mzaa baba wa kijana huyu ni nani? Nikamnong'oneza Mwalimu jina la bibi, alikozaliwa, na mahali alipozikwa, na jina la dada yake, na nikamwongezea kwamba alikuwa mkali. Mama na shangazi zake Justine walicheka waliposikia hilo la ukali. Mzee akaitikia kwa kichwa. Nilimwona Wekesa akipumua. Zawadi zikaingia, shangazi wa msichana akamtambua bwana harusi kati yetu, na vigelegele vikapigwa.

Kisha msemaji wa upande wa pili akasimama akatamka jambo kwa sauti kubwa, watu wote wakapiga makofi. Nikamwuliza Mwalimu amesema nini. "Amesema kuanzia leo Wekesa amezaliwa katika nyumba hii. Ni mtoto wao."

Sijui nini kilinipata. Nilijikuta nimesimama. "Huyu amezaliwa tayari!" nikasema kwa Kiswahili, mbele ya watu wote. "Mama yake yuko Bungoma, mzima! Nilikuwepo!"

Mwalimu Kizito alinivuta kanzu kwa nguvu, maana nilikuwa nimevunja desturi, mgeni anayejisemea mwenyewe. Wekesa alifunika uso. Nikasimama pale na alama ya gumba jeusi kifuani, nikiwa na hakika kwamba nimesafiri njia yote ile kuja kumharibia mdogo wangu ndoa yake.

Mzee akavua miwani. Hakumtumia msemaji wake. Akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha taratibu, neno baada ya neno.

"Ssebo, sisi hatunyang'anyi mutoto wa mutu. Kama hajazaliwa hapa, akigonjwa usiku, sisi tunauliza habari asubuhi. Kama amezaliwa hapa, sisi tunaamuka usiku. Ni hiyo tu."

Nikakaa. Machozi yalinitoka na sikuyazuia. Tangu baba afe, nilikuwa nimejiona mimi peke yangu ndiye mwenye kuamka usiku kwa ajili ya Wekesa, nami niko ng'ambo ya mpaka. Watu walianza kucheka kwa upole, ngoma ikapigwa, na kwa adhabu ya kuvunja desturi nikaamriwa nicheze katikati ya ua peke yangu. Nilicheza kikwetu, kwa mabega. Wakaniambia nirudie.

Jumatatu nilirudi. Nilimpitia Candia, nikachukua vipimo vya sare ya mume wake, na vilikuwa vipimo vya kutisha kweli. Namawojjolo, safari hii, nilikula kuku mzima. Mabira nilipita nyani wakiwa palepale. Iganga mwenye duka la simenti alinipungia mkono. Namawojjolo, safari hii, nilikula kuku mzima. Spana haikutoka mfukoni mpaka nyumbani. Lakini kutoka Malaba nilikuwa naendesha polepole kuliko lori, kwa sababu nilikuwa na jibu la kumpa mama, na sikujua nitamwambiaje mwanamke aliyezaa kwamba mtoto wake amezaliwa mahali pengine.

Nilimkuta zizini anakamua. "Wamemkubali," nikasema.

"Na nini tena? Nusu nimeisikia."

Nikamwambia yote. Kuzaliwa, kupiga kelele kwangu, na maneno ya mzee. Aliendelea kukamua. Ng'ombe alipiga mkia mara mbili tatu. Nilidhani hakunisikia.

"Huyo mama wa Justine," akasema mwishowe, "una simu yake?"

"Ninayo."

"Mpigie. Mwambie mtoto huyu akiwa na homa hasemi. Anageukia ukuta, ananyamaza. Asingoje alie. Amguse shingo."